Boa wa mchanga: huyu anazaa, yule anataga

Kabla hujanunua inkubeta, mtazame nyoka wako usoni. Boa wa mchanga wa Kenya ana macho pembeni mwa kichwa. Ndugu yake wa Uarabuni, anayepatikana Oman na nchi jirani, ana macho juu kabisa ya kichwa, ili achungulie huku mwili mzima umejificha mchangani. Wote wawili ni wa jenasi moja, Eryx. Ila wa Kenya huzaa watoto hai, na wa Uarabuni hutaga mayai. Ukikosea hapa, maandalizi yako yote yatakuwa ya bure.

Karatasi kwanza. Boa wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji kibali. Kama uko Kenya, anzia KWS, shirika la wanyamapori. Usimchimbue porini, tafuta aliyezaliwa kwa mfugaji.

Hakikisha una dume na jike kweli. Dume ni mdogo, mara nyingi hafiki hata nusu ya uzito wa jike. Chungulia karibu na tundu la haja: vikucha vyake viwili vinaonekana wazi, vya jike ni vidogo mno. Jike usimharakishe. Mwache afikishe miaka mitatu hivi na awe amenona vizuri, maana mimba humla sana mwilini.

Wafugaji wengi huwapoza nyoka kwanza kwa miezi miwili, usiku joto likishuka hadi nyuzi 20 hivi. Acha kumlisha wiki mbili kabla, asibaki na chakula tumboni kwenye baridi. Joto likirudi, mlishe, kisha mwingize dume kwa jike. Usingoje kushuhudia mengi. Shughuli yote hufanyika chini ya mchanga.

Sasa njia zinaachana.

Jike wa Kenya hubeba mimba miezi minne hadi sita, na yeye mwenyewe ndiye inkubeta. Kazi yako ni joto. Upande mmoja wa tangi lake uwe nyuzi 32 hadi 34, mwingine karibu 26, ili ajichagulie. Funga themostati, usikisie kwa kiganja. Akigoma kula, usimlazimishe. Jaribu panya mdogo kuliko aliowazoea. Na usimminyeminye tumbo kuhesabu watoto!

Anaweza kuzaa kumi, pengine hata ishirini. Ukiona mabonge ya njano katikati yao, hayo ni mayai yasiyorutubishwa, yatupe. Kila mtoto mpe kikopo chake chenye karatasi laini na maji kidogo. Atajivua gamba ndani ya wiki mbili hivi. Baada ya hapo ndipo umpe kitoto cha panya kisicho na manyoya, si kabla.

Kwa wa Uarabuni, weka kopo la kutagia mapema: lenye kifuniko, tundu la kupitia, na mchanga wenye unyevu kidogo. Mayai yake ni machache, lakini makubwa ukilinganisha na umbo la mama. Akishataga, chukua penseli, tia alama juu ya kila yai, kisha lihamishe likiwa vilevile. Usiligeuze. Kiinitete kikishajishikiza juu, kuligeuza kunaweza kukiua.

Tumia vamikulaiti yenye unyevu. Ikamue kwa mkono. Tone likidondoka, umezidisha maji. Fukia mayai nusu, weka joto la nyuzi 30 hivi, kisha ngoja kiasi cha miezi miwili. Yai likibonyea katikati ya safari, ongeza maji pembeni mwa chombo, kamwe si juu ya yai. Likichanika na kichwa kikatokeza, mwache. Anaweza kukaa humo siku nzima, na kumvuta ni kumjeruhi.

(Kwa wapenda mijadala: mwaka 2010 watafiti Lynch na Wagner walichapisha hoja kwamba mababu wa huyu wa Uarabuni walikuwa wanazaa, kisha ukoo ukarudia kutaga. Wewe endelea kupima unyevu.)

Kulisha watoto wa huyu wa Uarabuni ndiko kugumu. Kwa asili wanapenda mijusi kafiri, na panya hawamtambui. Msugue mjusi kwenye kitoto cha panya ili harufu ishike, mpe usiku, zima taa, ondoka. Akikataa, subiri siku kadhaa ndipo ujaribu tena.