Vidokezo kwa Familia Inayotaka Kufuga Buibui Wakubwa Bonde la Kilombero

Yupo buibui wa kwetu anayejulikana zaidi Berlin na Chicago kuliko Ifakara. Ni tarantula mwenye manyoya, mara nyingi wa rangi ya chungwa, ambaye akinyoosha miguu anajaza kiganja cha mtu mzima. Wanasayansi wanamwita Pterinochilus murinus, jina alilopewa mwaka 1897, na wafugaji wa ng'ambo wanamgawa kwa rangi na kumwita kwa majina ya nchi yetu: Usambara, Kigoma, Mikumi. Mikumi hiyo ndiyo hii, mwisho wa barabara inayotoka Ifakara kupitia Kidatu.

Je, familia ya Bonde la Kilombero inaweza kumfuga na kupata riziki? Inaweza, ila si kwa njia ambayo wengi huifikiria kwanza. Someni kwa mpangilio, maana kidokezo cha kwanza kikiwashinda, vingi vilivyobaki havina kazi.

1. Nendeni TAWA kabla ya kununua hata kopo moja

Buibui wa porini ni mali ya taifa kama alivyo swala. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kukamata, cha kumiliki na cha kusafirisha, na mlango wa kuuliza ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Ulizeni kwa maandishi, mjibiwe kwa maandishi.

Nasisitiza kwa sababu nchi hii imeshaona familia zikiumia. Kule Amani, Usambara Mashariki, wanavijiji walifuga vipepeo kupitia mradi wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania. Walikuwa mamia ya wafugaji, wanawake wengi, wakiuza mabundo kwa majumba ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Ada za shule zilitoka humo. Kisha mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na kipepeo wa kufugwa kwenye wavu nyuma ya nyumba akahesabiwa pamoja na nyani wa kukamatwa msituni. Soko likafa. Mwezi Juni 2022 TAWA ikatangaza kuwafungulia wafanyabiashara dirisha la miezi sita, na papo hapo waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Pindi Chana, akalisitisha.

Serikali ilikuwa na sababu zake. Mwaka 2010 twiga walipandishwa ndege Kilimanjaro wakapelekwa Qatar, na aibu ile haijasahaulika. Lakini mkulima wa Amani hakuiba twiga, na moyo wangu uko upande wake. Basi msijenge biashara ambayo tangazo moja la jioni linaweza kuizima.

Jambo jingine: ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haichukuliwi hata konokono. Msitu wa Magombera nao ni hifadhi. Msitume vijana huko na majembe.

2. Pigeni hesabu ya bei ya ng'ambo

Tuseme kibali cha kusafirisha kimepatikana. Mtamuuzia nani? Jike mmoja wa buibui huyu hutoa kifuko chenye mayai mia hivi, mara nyingi zaidi, na anaweza kutoa kifuko cha pili bila kukutana tena na dume. Wajerumani na Wamarekani wamekuwa wakiwazalisha sebuleni kwa miaka mingi, vizazi kwa vizazi. Kinda wa Usambara amezaliwa rafuni huko, hana gharama ya ndege wala karatasi za forodha, na ni miongoni mwa tarantula wa bei nafuu kabisa. Hamtamshinda kwa bei.

Wapo tarantula wa bei kubwa, lakini wengi si wa kwetu. Makundi ya Brachypelma wa Mexico na Poecilotheria wa India na Sri Lanka yote yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hawa wa mwisho tangu 2019. Msiingie huko.

3. Uzeni kuona

Ng'ambo wanaye buibui wa Mikumi. Mikumi yenyewe hawana. Hilo ndilo pato lenu.

Tazameni waliotangulia. Zanzibar, kijijini Pete karibu na msitu wa Jozani, kuna kituo cha vipepeo tangu 2008. Mgeni analipa kiingilio, anatembea katikati ya vipepeo, na wanakijiji wanaowafuga wanapata soko hapo hapo. Njiani kutoka Arusha kwenda Ngorongoro kuna bustani ya nyoka ya Meserani, iliyoanzishwa na familia moja miaka ya 1990, na pembeni yake kuna zahanati inayowatibu wenyeji walioumwa na nyoka. Watamu, Kenya, James Ashe na mkewe Sanda walianzisha Bio-Ken mwaka 1980: wageni huja kutazama nyoka, madaktari huja kujifunza juu ya sumu. Hawa wote walijenga karibu na mahali ambapo mgeni alikuwa anapita tayari.

Kwenu mahali hapo ni Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Udzungwa. Udzungwa ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, haina njia za magari za kuzungukia ndani. Mgeni anapanda maporomoko ya Sanje, anawatafuta mbega wekundu na nyani wa Sanje, jioni anarudi kijijini amechoka miguu tu. Macho bado yana hamu. Saa mbili usiku hana la kufanya, na saa mbili usiku ndipo buibui anapotoka kwenye shimo lake.

Hapo pana kazi ya kijana wenu. Awatembeze wageni kwenye ardhi ya kijiji, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji, na tochi mbili: moja ya kawaida na moja ya mwanga wa zambarau, ile inayotumika kukagua noti bandia. Mwanga huo ukimpata nge, anang'aa kijani kibichi. Watu wazima wanapiga kelele kama watoto. Mkirudi, waonyesheni tarantula wenu nyuma ya kioo, mtoto wa nyumbani aeleze anavyowalisha. Kibali cha bustani ya wanyamapori bado kinahitajika kwa maonyesho hayo, kwa hiyo ulizeni yote kwa barua moja.

Na msiwasahau wanafunzi. Mwalimu wa baiolojia wa Ifakara ana vitabu vyenye picha za buibui. Darasa zima kuona mmoja akijivua ngozi ni somo ambalo halifutiki.

4. Nyenje kwanza, buibui baadaye

Hapa ndipo fedha ya mwanzo ilipo, na wengi huruka. Tarantula hula wadudu hai, na mtu asiye na wadudu wa kudumu atahangaika kila wiki. Fugeni nyenje miezi mitatu kabla ya buibui wa kwanza kuingia nyumbani.

Chukueni ndoo pana au boksi la plastiki lenye kuta laini, pangeni trei za mayai wima ndani yake, wekeni sahani ya chakula na pamba iliyoloa maji, kwa sababu nyenje wadogo huzama hata kwenye kifuniko cha soda. Chakula ni chakula cha vifaranga kilichochanganywa na pumba za mchele, pamoja na majani ya mchicha au matembele. Ifakara ina mashine za kukoboa kila mtaa. Pumba si tatizo. Wakubwa wakianza kulia usiku, wawekeeni kikopo cha mchanga wenye unyevu watage. Kwa joto la bonde, mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, na nyenje hukomaa katika wiki sita hadi nane.

Ziada wapeni kuku. Kuku wa mayai wanawapenda, na jirani mwenye banda atanunua. Kule Bondo, Kenya, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kimekuwa kikiwafundisha wakulima kufuga nyenje kwa ajili ya chakula cha watu na mifugo, kwa hiyo hili si jambo la kubahatisha. Hata TAWA wakiwajibu hapana, banda la nyenje linabaki lenu.

5. Dawa ya mbu ndiyo adui nambari moja

Hakuna mji Tanzania unaohitaji kidokezo hiki kama Ifakara. Mradi wa KINET ulieneza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo nyumba nyingi za bonde hili zinavyo. Ni neema: watoto wengi wako hai kwa sababu hiyo. Lakini dawa ile, ya kundi la pairethroidi, inaua buibui kama inavyoua mbu.

Kwa hiyo msikate chandarua cha zamani kufunikia boksi. Nimeona wazo hilo likitolewa kwa nia njema kabisa, na ni sumu. Tumieni wavu wa dirishani usio na dawa au toboeni matundu madogo kwenye kifuniko. Chumba cha buibui kisipuliziwe dawa wala kisiwashiwe udi wa mbu, na aliyetoka kupulizia shambani aoge kabla ya kuwalisha. Chandarua cha kulalia kibaki kitandani na mlale ndani yake. Chumba cha buibui kiwe kingine.

Panzi wa shamba la mpunga nao msiwaguse. Hamjui jirani alipulizia nini juzi.

6. Joto ni la bure, unyevu ni wa kulipia

Mfugaji wa Ujerumani hulipa umeme mwaka mzima kupata nyuzi 26. Ninyi mnazo bila kuomba. Shida yenu ni masika. Buibui huyu ni wa mahali pakavu. Maji yakituama chomboni, ukungu unaota na yeye anadhoofika. Wekeni udongo mkavu wa kina cha kutosha kuchimba, gome la mti la kujificha, kisahani kidogo cha maji, na hewa ipite pande mbili. Rafu iwe juu ya kiwango ambacho maji yalifika mwaka wa mafuriko mabaya kuliko yote mnayoyakumbuka. Kila mmoja akae peke yake: wawili chombo kimoja, asubuhi mtakuta mmoja.

7. Akilala chali, mwacheni

Hajafa. Anajivua ngozi. Kabla ya hapo hugoma kula kwa siku au wiki kadhaa. Ondoeni nyenje wote, kwa sababu mwili mpya ni laini na nyenje mwenye njaa humtafuna. Msimguse, msimlishe mpaka meno yake yawe meusi tena. Ngozi iliyovuliwa itunzeni: ya jike aliyekomaa inaonyesha kwa ndani mfuko wa kuhifadhia mbegu, nanyi mtajua nani ni nani bila kubahatisha.

8. Dume hana muda

Jike anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Dume, akishakomaa na kuota vikulabu kwenye miguu ya mbele, amebakiza miezi. Mlisheni jike vizuri kabla ya kumpelekea dume, la sivyo dume ndiye chakula. Jioni, mwingizeni taratibu. Atapiga miguu chini kama anayebisha hodi, na jike akikubali atajibu. Kaeni karibu na kipande cha kadibodi cha kuwatenganisha. Baada ya wiki kadhaa jike hufunga mayai kwenye kifuko cha utando na kukilinda vikali. Makinda wakianza kutembea, watengeni kila mmoja kwenye kikopo chake upesi, wanakulana. Walisheni vipande vya mguu wa nyenje.

Msizalishe zaidi ya mnavyoweza kulisha. Kifuko kimoja ni vikopo mia.

9. Hashikwi mkononi

Wapo tarantula wa Amerika wanaovumilia kushikwa. Wa kwetu havumilii. Ni mwepesi kuliko jicho, husimama akainua miguu ya mbele na kuonyesha meno, na akiuma maumivu ni makali, kuvimba na kukakamaa kwa misuli kunaweza kuendelea kwa siku nyingi. Hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa, lakini maumivu yake si ya kujaribia. Tumieni koleo ndefu na kikombe cha kumfunikia. Vyombo vifungwe kwa kufuli, funguo akae nazo mtu mzima mmoja anayejulikana. Aliyeumwa aoshwe kwa maji na sabuni na apelekwe hospitali. Msichanje, msifunge kamba.

10. Kila chombo kiwe na ukurasa wake

Ifakara mnayo bahati ya pekee: kufuga viumbe wadogo kwa nidhamu ni kazi ya watu wa mji huu. Maabara iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950 ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na humo mbu huzalishwa kwa ajili ya utafiti, kizazi baada ya kizazi, kwa kufuata joto, unyevu na tarehe. Mtafuteni ndugu au jirani aliyewahi kufanya kazi hiyo. Atawafundisha kuandika lebo na daftari: alikula lini, alivua lini, alitoka wapi. Afisa wa wanyamapori atakapokuja, daftari hilo ndilo litakaloonyesha kwamba buibui wenu wamezaliwa nyumbani.

11. Msiwaachie vichakani

Mkichoka au wakizidi, msiwamwage nyuma ya nyumba, hasa waliotoka mkoa mwingine. Wapelekeni kwa aliyewapa kibali. Madume waliokufa wahifadhini kwenye spiriti, muwape shule.

12. Anzeni na mavuno

Mwezi Juni mvua imekata, mpunga unavunwa, pumba ni nyingi, na wageni wa kiangazi wanaanza kushuka Mang'ula. Barua ya TAWA iwe imeandikwa mapema mwaka huo, na ndoo ya nyenje ianze wiki hiyo ya mavuno.