Saratani ya Tezi Dume Inaporudi: Itatafutwaje?

Baba akishafanyiwa upasuaji au kutibiwa kwa mionzi kwa sababu ya saratani ya tezi dume, nyumba nzima humshukuru Mungu. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa saratani hurudi baada ya miaka, tena bila maumivu yoyote. Ndiyo maana tunasisitiza: kadi ya kliniki isitupwe.

Ishara ya kwanza hupatikana katika damu. Tezi dume hutoa protini iitwayo PSA. Tezi ikiondolewa yote, PSA hutakiwa kushuka karibu na sifuri. Ikifika nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha, madaktari huhesabu kuwa ugonjwa umerudi. Kwa aliyetibiwa kwa mionzi, hungoja mpaka PSA ipande kwa nanogramu 2 juu ya kiwango cha chini kabisa alichowahi kufikia.

Damu husema kwamba ugonjwa upo. Haisemi uko wapi. Ukiwa umebaki nyongani tu, mionzi huweza kuelekezwa hapo kwa nia ya kuponya. Ukifika mifupani, matibabu hubadilika. Picha za kawaida mara nyingi haziyaoni madoa madogo.

Hapo ndipo kipimo cha PSMA-PET husaidia. PSMA ni protini iliyojaa juu ya chembechembe nyingi za saratani hii. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa inayonata kwenye protini hiyo, ikiwa imebeba galiamu-68 yenye mionzi. Baada ya saa moja hivi hulazwa katika mashine, na mahali dawa iliponata hung'aa kwenye picha. Nguvu ya galiamu hiyo hupungua kwa nusu kila dakika 68. Marekani iliidhinisha dawa hii Desemba 2020.

Hata hivyo tusidanganyike. Katika utafiti wa wanaume 635 uliotolewa Marekani mwaka 2019, PSA ilipokuwa chini ya 0.5, kipimo kiliona ugonjwa kwa wagonjwa 38 katika kila 100. Ilipofika 5 au zaidi, kiliona kwa 97. Basi picha safi si hati ya kupona. Tena figo na tezi za mate hung'aa hata kwa mtu asiye na saratani, hivyo picha isomwe na mtaalamu.

Mashine za PET ni chache na gharama yake ni kubwa, ingawa hapa Afrika Mashariki zipo, kwa mfano Nairobi. Kabla familia haijauza ng'ombe au kuchangisha jumuiya, imwulize daktari: "Je, jibu la picha hii litabadili matibabu ya baba?" Wala tusiahirishe tiba kwa kungojea picha, kwa maana mionzi ya pili baada ya upasuaji hufaa zaidi PSA ikiwa bado chini.

Akina mama na vijana, wakumbusheni baba zetu tarehe ya kliniki, na muandike kila jibu la PSA katika daftari moja. Daktari akiona namba zinavyopanda, atajua haraka la kufanya.