Farasi, na mtoto aliyebaki ndani ya nyumba

Somo kwa vikundi vya jamaa zilizohamishwa na kwa viongozi wa kartye



Katika mkutano mmoja na akina mama waliohamishwa, hapa Kolwezi, mama mmoja alituuliza swali ambalo hatukulitazamia. Kwa televisheni ya jirani alikuwa ameona mtoto mwenye miguu iliyokaza akiwa juu ya farasi, anacheka. "Je, farasi anaponyesha? Na sisi tutamtoa wapi?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, kwani nyumbani ana mtoto wa miaka saba ambaye hajaweza kukaa peke yake hata siku moja.

Sisi wenyewe tulikuwa tumeandika majina ya watu wa lupango ile mara mbili, na jina la mtoto huyo halikuwamo. Tuliuliza, "Mko watu wangapi?" Hatukuuliza, "Nani amebaki ndani?" Kosa hilo ni letu.

Basi, tujibu swali la mama.

Farasi anafanya nini?

Farasi haponyeshi. Wako watoto ambao ubongo wao uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au baadaye kwa malaria iliyopanda kichwani. Misuli yao inakaza au inalegea, na kiuno na shingo havishiki. Farasi anapotembea polepole, mgongo wake unakwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, karibu sawa na kiuno cha mtu anayetembea. Kwa hiyo mtoto aliyepanda anapewa mwendo ambao miguu yake haijampa. Kila hatua inamlazimu kutafuta usawa tena. Mapaja yaliyopanuliwa na joto la mnyama, karibu digrii 38, husaidia misuli iliyokaza kulegea. Wataalamu waliopima jambo hili wanaona kwamba watoto wengi wanakaa wima vizuri zaidi. Hawasemi kwamba ulemavu unaondoka.

Wala si mchezo wa mtu mmoja. Mmoja anaongoza farasi kwa kamba, wawili wanatembea ubavuni, mmoja kila upande, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita kine, anaangalia. Mtoto anavaa kofia ngumu. Mwenye kifafa kisichotulizwa na dawa, mwenye mifupa inayovunjika upesi au nyonga iliyotoka mahali pake hapandishwi.

Jambo hili lilijulikana sana kwa sababu ya mama mmoja wa Denmark, Lis Hartel. Mwaka 1944, akiwa na mimba, alishikwa na polio, ugonjwa ambao jamaa nyingi za Katanga zinaufahamu. Chini ya magoti miguu yake haikupata nguvu tena. Alirudi juu ya farasi, na mwaka 1952 kwenye michezo ya Olimpiki ya Helsinki alishinda medali ya fedha akishindana na wanaume. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Mwaka 1956 alishinda ya pili. Baada yake vyama vya kupandisha farasi watu wenye ulemavu vilienea Ulaya, na Kenya pia kiko kimoja.

Na hapa kwetu? Farasi ni wachache sana. Lubumbashi, kilomita karibu 300 kutoka hapa, kuna klabu ya farasi tangu zamani, lakini ni ya wenye uwezo. Tena mbung'o, yule inzi anayeleta malale, anaua farasi katika sehemu nyingi za nchi yetu. Hatutawadanganya: shirika letu halina farasi, wala hatuna mpango wa kumleta.

Kitenge, paja na godoro

Lakini akina mama, tazameni namna mnavyobeba watoto. Mtoto aliye mgongoni kwa kitenge, miguu imepanuka, anatikiswa na mwendo wa mama yake. Kwa mtoto mdogo mwenye miguu inayokaza kama mkasi, kubebwa hivyo ni kuzuri kuliko kulazwa mkekani mchana kutwa.

Mtoto akishakuwa mzito, baba akae juu ya kiti na kumkalisha juu ya paja lake kama anayepanda baiskeli, amshike kiunoni (si mabegani), kisha ainue na kushusha goti polepole, kushoto, kulia. Godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba linafaa pia. Dakika chache zinatosha, na mtoto akilia kwa maumivu, acheni. Kwanza mwonyesheni mganga au kine wa hospitali. Tunataja baba kwa makusudi: wengi wanarudi kutoka machimboni wamechoka, na mzigo wote unabaki kwa mama.

Fanyeni mazoezi haya nje, uani. Mtoto anayefichwa ndiye anayesemwa. Tumekuta malupango ambamo ugomvi kati ya wenyeji na wahamishwa ulianzia hapo: mtoto haonekani, usiku analia, jirani anasema ni ulozi. Viongozi, mjue kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu mtu anayemshitaki mtoto kwa ulozi. Na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za mtu mwenye ulemavu, awe mwenyeji au mhamishwa.

Mtoto wa yule mama sasa yumo katika orodha. Bado hajakaa peke yake. Jioni baba yake anamtoa uani, na watoto wa mwenye lupango wanapanga foleni, nao wanataka kupanda goti.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika avenyu yetu, ni nani tusiyemwona kwenye mikutano, na nani atakwenda kumtembelea wiki hii?
2. Chefu wa kartye anapoandika majina, aulize maneno gani ili asimwache mtu?
3. Wachimbaji walioumia mgongo au kukatwa mguu wanakaa wapi mchana, na nani anawasaidia kutoka nje?