SOMO LA AFYA: SIKU ULIYOSAHAU KIDONGE

Ndugu wanachama, na hasa ninyi dada zetu mnaouza madukani na kwenye stoo za Kikuubo, somo la safari hii ni vidonge vya kupanga uzazi, vile ambavyo wengi huviita vidonge vya majira. Kuzaa au kutozaa, na kuzaa lini, ni shauri la mtu mwenyewe na mwenzake; jarida hili halimwamulii yeyote. Lakini aliyekwisha kuamua kutumia vidonge anastahili kujua namna ya kuvitumia, maana kumeza vidonge ovyo ni sawa na kutia kufuli mlangoni bila kuzungusha ufunguo.

Pengine yuko atakayeuliza chama kinaingiaje hapa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na mimba siyo sababu halali ya kumfukuza mtu kazini. Hayo yameandikwa na tunayapigania. Hata hivyo mnajua mambo ya mtaani kwetu. Dada anayelipwa kwa siku, asiye na barua ya kazi, tumbo likianza kuonekana huambiwa akapumzike kidogo, na akirudi anamkuta mwingine nyuma ya kaunta. Haki yake tutaidai, ila kesi huchukua miezi, na mtoto hangoji hukumu.

Wataalamu wa uzazi wana hesabu yao. Kati ya wanawake 100 wanaotumia vidonge mwaka mzima bila kukosea hata siku moja, wanaopata mimba hawafiki mmoja. Wakivitumia kama watu wanavyovitumia kwa kawaida, leo kumeza, kesho kusahau, wanaopata mimba ni kama 7. Dawa ni ile ile.

Tuanze na pakiti yenyewe. Ile inayotolewa sana ina vidonge 28. Vidonge 21 vina dawa, nayo ni homoni za aina mbili. Vile 7 vya mwisho, vya rangi nyingine, havina homoni. Mara nyingi vina madini ya chuma ya kuongeza damu, na kazi yake kubwa ni kukuzoesha kumeza kila siku usipoteze hesabu. Damu ya mwezi hutoka katika siku hizo 7. Dawa hulaza mayai ya mwanamke yasipevuke, na hufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za mwanamume zisipite kwa urahisi.

Sasa shikeni jambo hili, maana kanuni zote zinatoka hapo. Kuyalaza mayai kunataka siku 7 za kumeza mfululizo. Yakikaa zaidi ya siku 7 bila dawa, huanza kuamka.

Kwa hiyo anayeanza pakiti ya kwanza ndani ya siku 5 za mwanzo wa damu ya mwezi, amekingwa tangu siku hiyo. Anayeanza siku nyingine, baada ya kuhakikisha hana mimba, atumie kondomu siku 7 za kwanza. Kisha ni kidonge kimoja kila siku, saa ile ile, mume awepo au asiwepo. Wako wanaomeza siku ya kukutana na mume tu. Hiyo siyo kinga kabisa.

Saa gani? Hapa ndipo kazi yetu inapotutega. Msiseme "nitameza nikifunga duka", kwa kuwa hakuna anayejua duka litafungwa saa ngapi siku ambayo lori la mzigo limeingia jioni. Wala msifungie pakiti kwenye droo ya kaunta, ingawa najua wengine hufanya hivyo ili isionekane nyumbani: Jumapili duka likifungwa, kidonge kimebaki Kikuubo na wewe uko Bwaise. Chagua jambo usiloliacha hata siku moja, kama kupiga mswaki asubuhi, ukafunganishe kidonge nalo. Kengele ya simu nayo husaidia. Anayefuata mzigo Juba au Arua abebe pakiti ya pili mkobani, maana safari ya siku tatu huweza kuwa wiki mbili.

Haya, umesahau. Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na wengi wamepewa jibu la kutupa pakiti na kungoja mwezi ujao. Usitupe.

Ukisahau kidonge kimoja au viwili vyenye dawa, meza kimoja mara unapokumbuka, kisha endelea na cha kila siku kama kawaida, hata kama siku hiyo utameza viwili. Kinga bado ipo.

Ukisahau vitatu au zaidi, meza kimoja mara moja, endelea kila siku, na mtumie kondomu mpaka umeze siku 7 mfululizo. Vile vingine ulivyoruka usivimeze kwa pamoja. Vitakuletea kichefuchefu tu. Angalia pia umesahau sehemu gani ya pakiti. Ikiwa ni wiki ya tatu, maliza vyenye dawa, tupa vile 7 vya rangi nyingine, na ufungue pakiti mpya kesho yake. Ikiwa ni wiki ya kwanza na mmekutana bila kondomu siku hizo, nenda kwa mhudumu wa afya haraka ukaulize dawa ya dharura. Dawa hiyo hufanya kazi vizuri ikimezwa mapema, ndani ya siku 3, ingawa huweza kusaidia hadi siku ya 5. Ni ya dharura, siyo ya kila wiki.

Mmeona kwa nini wiki ya kwanza na ya tatu zina ukali? Zimepakana na siku 7 zisizo na dawa. Ukisahau hapo, unarefusha siku ambazo mayai yameachwa bila mlinzi. Ndiyo maana kuchelewa kufungua pakiti mpya ni kosa kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mtu anamaliza pakiti Ijumaa, anasema ataifuata nyingine akipata nafasi, nafasi inakuja Jumatano. Huyo amesahau vidonge vingi, ingawa yeye anaona hajasahau hata kimoja. Pakiti mpya ichukuliwe ile ya zamani ikiwa bado na wiki moja. Hakuna mwenye duka anayeagiza sukari siku ambayo gunia limekwisha. Kusahau vile 7 vya rangi nyingine hakudhuru, mradi siku zihesabiwe.

Iko pakiti ya aina nyingine, yenye homoni moja, ambayo hupewa sana mama anayenyonyesha. Hiyo vidonge vyote vina dawa na haina mapumziko. Vile vilivyozoeleka vya aina hiyo havivumilii kuchelewa: zikipita saa 3 kutoka saa yako ya kawaida, meza mara moja na mtumie kondomu kwa siku 2. Anayenyonyesha na ambaye hajaanza kuona damu ana nafuu zaidi. Soma pakiti yako ni ipi, au mwambie mhudumu akuonyeshe.

Ukitapika kabla saa mbili tatu hazijapita tangu umeze, meza kingine. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge, vivyo hivyo baadhi ya dawa za kifafa na baadhi ya dawa za VVU. Mtaje mhudumu kila dawa unayotumia, usione haya. Na vidonge havizuii UKIMWI wala magonjwa ya zinaa. Kwa hayo kondomu haina mbadala.

Sasa kuhusu kuazimana. Kikuubo sisi ni mabingwa wa kuvunja katoni: mafuta kwa kikombe, sabuni kwa kipande. Vidonge hivi haviuzwi kwa kipande. Aliyepewa vinne na jirani yake hana kinga yoyote, tena hajui kama vinamfaa. Vile vya homoni mbili havimfai mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu mguuni au kupata kiharusi, mwenye ugonjwa mkali wa ini, mwenye saratani ya matiti, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, wala mvutaji sigara aliyefika miaka 35. Anayenyonyesha mtoto chini ya miezi 6 apewe ile nyingine. Kupimwa shinikizo la damu ni kazi ya dakika tano. Na ukipata maumivu makali ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma vibaya na macho kupoteza nuru, au macho kuwa ya manjano, acha vidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Uvumi kwamba vidonge hujikusanya tumboni, au huua kizazi, hauna ukweli. Ukiacha, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, na ndiyo sababu ile desturi ya "kupumzisha mwili" miezi miwili imewaletea wengi mimba wasiyoitaka. Mwili hauhitaji mapumziko hayo. Kichefuchefu na matone ya damu miezi ya kwanza ni kawaida, na mara nyingi huisha. Yasipoisha, ziko njia nyingine.

Vituo vya serikali hutoa huduma hii bila malipo. Kwetu cha karibu ni Kituo cha Afya cha Kisenyi, mwendo wa miguu kutoka Kikuubo. Wahini asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, mkashikiane zamu kwenye kaunta, mmoja aende leo na mwingine kesho. Nenda na pakiti yako ya zamani mkononi, hata kama imekwisha, ili wajue ulikuwa unatumia ipi.