Dondoo muhimu: Soma pakiti kabla ya kuwasha jiko

Kinoo, karibu na Nairobi, iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huku maji huchemka yakifika nyuzijoto 94 hivi, si 100 kama Mombasa, kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ya maharagwe huenda zisitoshe. Ongeza muda hadi yaive kabisa.

Soseji nyingi za pakiti ni nyama mbichi. Lakini smoki, soseji iliyofukizwa moshi, huuzwa ikiwa imeshapikwa, ndiyo maana muuzaji wa kando ya barabara huipasha tu na kuitia kachumbari. Ukiipasha soseji vivyo hivyo, unalitafutia tumbo balaa. Ipike mpaka katikati ifuke mvuke na wekundu uishe.

Kuku wa friza? Myeyushe ndani ya friji, si kwenye sinki usiku kucha.

Unga ni kisa kingine, maana moto wa jikoni hauondoi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyo. Tazama alama ya ubora na tarehe ya mwisho. Wenye ukungu utupe, hata kuku usiwape.