Uvimbe wa Ubongo kwa Watoto: Injini Iliyopoteza Swichi

Ndugu wanavikundi wa Griftu na vijiji vya jirani, somo la leo ni gumu kidogo, lakini tukienda polepole tutafika. Tutajifunza juu ya uvimbe unaoota ndani ya ubongo wa mtoto, na vile protini zilizoungana vibaya zinavyoufanya ukue.

Mnajua vile mambo huenda. Mtoto analia kichwa asubuhi, anatapika, anapewa dawa ya malaria. Wiki ijayo ni vilevile. Halafu anaanza kuyumba akitembea, na hapo maneno yanaanza: ni jini, ni jicho la mtu, ama mama yake alikula nini akiwa na mimba? Wengine humchoma kichwani kwa chuma cha moto. Miezi inapita hivyo, na uvimbe hausubiri.

Basi tuanze na seli. Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya seli kuna maagizo yaitwayo jeni, yamepangwa kwenye nyuzi ziitwazo kromosomu. Jeni ni agizo la kutengeneza protini, na protini ndizo wafanyakazi wa seli.

Mfanyakazi mmoja anaitwa BRAF. Kazi yake ni kuhimiza seli igawanyike. Fikirieni kisima kirefu chenye injini. Kuna injini yenyewe, na kuna swichi. Tangi likijaa, mwenye zamu anazima. BRAF nayo ina sehemu hizo mbili: upande wa mwisho ni injini, upande wa mwanzo ni swichi ya kuizuia.

Seli ikitaka kugawanyika ni lazima inakili maagizo yake yote. Hapo ndipo kosa huingia. Kwenye kromosomu ya 7, kipande kimoja kinanakiliwa mara mbili, kimoja nyuma ya kingine. Ni kama katibu wa kikundi anayenakili daftari, akarudia ukurasa bila kujua, na nusu ya sentensi moja ikashikana na nusu ya sentensi nyingine. Mwanzo wa jeni iitwayo KIAA1549 (hata wataalamu hawakuipa jina, waliipa namba tu) unaungana na mwisho wa BRAF. Seli inasoma hayo yote kama agizo moja, inatengeneza protini moja ya mchanganyiko. Injini ya BRAF imo ndani. Swichi haimo.

Sasa injini inanguruma usiku na mchana, tangi limefurika na hakuna wa kuzima. Seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka kunakuwa na uvimbe. Muungano huu ulielezwa na watafiti mwaka 2008, katika uvimbe uitwao astrositoma ya pilositiki, ambao ni kati ya aina zinazopatikana sana kwa watoto. Mara nyingi huota upande wa kisogo, kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia mizani ya mwili. Ndiyo maana mtoto anayumba. Tena ubongo una maji yake yanayotembea. Uvimbe ukiziba njia, maji yanajaa kichwani, na hapo ndipo kichwa kinauma na mtoto anatapika.

Tusikilizane hapa. Kosa hili huanza katika seli moja ya mtoto, kwa bahati mbaya ya kunakili. Haliambukizi. Si chakula cha mama, wala si laana ya mtu. Akina mama wamebebeshwa lawama hii bure, na tungependa wazee walisikie jambo hili likisemwa kwenye baraza.

Mambo ya kromosomu kukosea si mageni Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt aliona mtoto aliyevimba taya pande zote, na mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo ambao sasa una jina lake. Baadaye ilijulikana kwamba humo pia vipande vya kromosomu hubadilishana mahali. Tofauti ni kwamba pale protini haijaunganishwa na nyingine. Jeni nzima imehamishiwa kando ya swichi ya jirani isiyozimwa.

Je, kuna matibabu? Astrositoma hii hukua polepole, na daktari akiweza kuitoa yote, watoto wengi hupona. Upasuaji wa ubongo hufanywa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na pia Kijabe. Dawa za kuzima injini nazo zimeanza kuja. Dawa za kwanza za kuzuia BRAF zilishangaza watu, kwani kwenye protini hii ya kuungana ziliichochea badala ya kuizima. Mwaka 2024 Marekani iliruhusu nyingine, tovorafenibu, kwa watoto ambao uvimbe umerudi. Lakini tusidanganyane: dawa hiyo ni ghali mno, na kwetu tegemeo bado ni kisu cha daktari, na kufika mapema.

Kuumwa kichwa mara moja si uvimbe, msitishike. Mtazameni mtoto ambaye kwa wiki mbili au zaidi anatapika asubuhi bila homa wala kuharisha, anayeamka na maumivu ya kichwa, anayeyumba, anayeanza makengeza au anayeinamisha shingo upande mmoja. Kwa mtoto mchanga, angalieni kichwa kinachokua haraka kupita kiasi. Kipimo cha malaria kikisema hana, msikubali dawa ya malaria tena. Mwambieni nesi ni siku ngapi sasa, na ombeni barua ya rufaa. Familia zijiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Maswali ya kujadili katika kikundi: Mtoto wa mmoja wetu akipewa rufaa kesho, nauli ya kufika Wajir, na kutoka hapo mpaka Nairobi, itatoka mfuko gani? Nani atakwenda na mama yake? Na mbuzi atachunga nani?