Mdogo Wangu, Weka Jembe Chini

Njoo ukae hapa, mdogo wangu, na hilo jembe liache nje kwanza. Najua umekasirika. Oka zako ulizianzisha Aprili kwenye vyungu dirishani, ukazitoa bustanini sakitu ilipokwisha, ukazimwagilia majira yote ya joto. Septemba umefukua shina moja, ukakuta nyuzi tupu. Ukafukua la pili. Na la tatu! Sasa unaniambia uliuziwa mbegu mbovu.

Mbegu haina kosa. Ni haraka yako, na wala si wewe peke yako. Sisi tuliokuja kulima huku Uingereza wengi tumepita njia hiyohiyo. Oka kwao ni milima ya Andes, Peru na Bolivia huko, na viazi vyake havianzi kujaa mpaka mchana uwe mfupi kuliko usiku. Kwa huku hiyo ni mwisho wa Septemba. Yaani jirani yako keshavuna viazi mviringo na kuosha jembe, wewe vyako ndiyo kwanza vinaamka. Vitajaa Oktoba, vitajaa Novemba. Sakitu ikiyababua majani yakawa meusi, usilie, na tafadhali usichimbe. Mabua bado yanashusha chakula chini, kwa hiyo yape kama wiki mbili nyingine. Kwani bibi alifukua kiazi kikuu kabla majani hayajakauka juu ya mti wake? Ulikuwa unamwona.

Ukishavuna, zianike dirishani penye jua siku kadhaa, ule uchachu upungue.

Ila kinachonipa wasiwasi hasa ni yakoni, maana hapo ndipo mnapolia. Yakoni ina mizizi ya namna mbili chini ya shina moja. Ile minene ya kahawia unayoimenya na kuila mbichi, yenye maji na utamu kama peasi, haichipui hata uizike kwa dua. Mbegu ni yale mafundo madogo mekundu yaliyobanana shingoni, chini tu ya bua. Sasa mtu anakula minene, shingo anaitupa jaani, halafu Machi anauzika mzizi mmoja aliouficha na kuanza kungoja. Anangoja mpaka Juni, maskini.

Mimi hilo nililijua mwaka wa kwanza, nikajiona hodari. Nikakata mabua, nikaziweka shingo zangu tano kwenye ndoo, ndoo nikaifungia katika kibanda cha zana. Akiba haiozi, si ndivyo tunavyosema? Yangu ilioza. Januari baridi iliingia hadi ndani ya kibanda, mafundo yakaganda, na yalipoyeyuka yakawa uji unaonuka. Nililia, mdogo wangu. Mume wangu akaniuliza nani amefariki. Ukiwa mbali na kwenu, ulichokiotesha kwa mkono wako kinakuwa kama ndugu.

Basi nisikilize. Tafuta mahali pa baridi lakini pasipoganda: gereji iliyoshikana na nyumba, au kile kichumba cha chini ya ngazi kama hakina bomba la joto. Fukia shingo ndani ya mchanga wenye unyevu kidogo, ule ambao ukiufinya hautoi hata tone. Ukizidisha maji zitaoza, ukizisahau kabisa zitasinyaa kama pilipili kavu. Zichungulie mara kwa mara, ile iliyolainika itoe kabla haijaambukiza wenzake. Machi macho yakivimba, kata vipande, kila kipande na jicho lake.

Na wewe mwingine uliyeniandikia kwamba huna gereji, huna ngazi, na huna subira? Panda atichoki ya Jerusalem. Jina tu hilo, asili yake ni Amerika Kaskazini, na ni nduguye alizeti. Hiyo iache ardhini baridi yote, uchimbe ya kutosha chungu cha siku hiyo. Lakini itenge kona yake, maana kipande ukikisahau kitarudi mwakani na ukoo mzima. Halafu ina inulini, tumbo haliisagi, inakwenda kuchachukia utumboni. Kula kidogo kidogo, mpenzi, na siku wakwe wanapokuja pika wali.